Goma: Kigari cha telekomande kinachokufa juu ya mawe ya volkano si zawadi, ni wizi

Kila mwaka Noeli na Bonane zinapokaribia, meza za wachuuzi kunako Birere na kandokando ya soko la Virunga hujaa vigari vya telekomande. Sanduku linang'aa. Juu yake kuna picha ya gari lenye magurudumu makubwa likiruka kilima cha mchanga, vumbi likifuka nyuma. Mzazi anasimama, anauliza bei, anaenda, anarudi, anahesabu franka zake mara ya pili, mwisho anatoa. Mtoto amefurahi. Nyumbani kigari kinawekwa chini, juu ya mawe ya volkano ambayo ndiyo sakafu ya mitaa mingi ya mji huu. Kinasonga hatua tatu, kinakwama. Kinainuliwa, kinasonga tena, kinapinduka. Kesho yake gurudumu la mbele limevunjika shingo. Kesho kutwa telekomande haisikilizwi tena. Siku ya nne kigari kiko kwenye takataka, na mtoto amerudi kwa gari lake la waya.

Watu wamezoea kulicheka jambo hili. Ni kosa. Mama aliyefukuzwa na vita Masisi ao Rutshuru, anayeuza ndizi barabarani akiwa na mtoto mgongoni, akitoa pesa ya unga wa siku nyingi ili mtoto mkubwa asahau mlio wa mabomu kwa saa moja, pesa hiyo si ya kuchekwa. Na anayempa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ardhi anayoikalia, huku akimwonyesha picha ya milima na vumbi, anamwibia. Awe mchuuzi anayejua anachokifanya, ao mfadhili mwenye roho nzuri asiyetaka kuuliza, mwisho ni mmoja.

Hoja ni hii: vigari vya telekomande havifanani. Viko vilivyotengenezwa kwa ajili ya udongo na mawe, na viko vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa tu. Tofauti yao haiko kwenye rangi wala kwenye ukubwa wa sanduku. Inaonekana kwa macho, inashikwa kwa mkono, na mzazi yeyote anaweza kuijua kabla hajatoa franka moja.

Usukani wa ndiyo ao hapana

Kigari cha kawaida cha sokoni hakijui kugeuka kidogo. Mtoto akibonyeza kushoto, magurudumu yanakunjwa kushoto mpaka mwisho. Akiachia, yanarudi katikati. Mwendo ni vilevile: kusimama ao mbio zote. Hakuna robo, hakuna nusu. Kwenye saruji mtu anaweza kuvumilia. Kwenye changarawe, kigari kilicho mbioni kikikunja magurudumu ghafla mpaka mwisho hakigeuki: kinateleza mbele, ao kinajikwaa kwenye jiwe na kupinduka. Motari yeyote wa Goma anajua jambo hilo bila kusoma kitabu. Hakuna anayekata kona ya changarawe kwa kukunja usukani wote mara moja, isipokuwa yule anayetaka kulala hospitalini.

Sasa litazamwe gari la waya. Mtoto anachukua waya, kopo la sardini na vipande vya kandambili iliyochakaa, anatengeneza gari lenye fimbo ndefu, na juu ya fimbo usukani unaomfika kifuani. Akizungusha kidogo, magurudumu yanageuka kidogo. Akizungusha sana, yanageuka sana. Wanaoshindana na vigari vya telekomande huko Marekani, Ulaya na Japani hulipa pesa nyingi kupata kitu hichohicho: usukani unaofuata mkono. Katika vigari vyao kazi hiyo inafanywa na sevo, mota ndogo yenye gia inayofuata kidole cha mwendeshaji hatua kwa hatua. Kwa upande wa usukani, basi, waya wa mtoto unaishinda plastiki ya dukani.

Shindano la pili ni la mipira. Gurudumu la kigari cha sokoni ni plastiki ngumu iliyochongwa meno ili ionekane kama mpira wa trakta. Plastiki ngumu haishiki jiwe, inateleza juu yake. Kipande cha kandambili kinashika. Mafundi wa chukudu wanaijua siri hiyo tangu zamani: gurudumu lao ni la mbao, lakini wanalivalisha ukanda wa mpira wa gari, na breki yao ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kigari cha kweli cha mashindano kina mpira laini wenye miiba midogo, na ndani yake sponji inayouzuia usikunjike. Aina ya miiba huchaguliwa kufwatana na ardhi: mirefu kwa udongo unaomeguka, mifupi kwa udongo ulioshindiliwa. Hapa pia, mtoto mwenye kisu na kandambili yuko karibu zaidi na bingwa kuliko kiwanda kinachojaza masanduku.

Shindano la tatu ni la resori na amortiseri. Hapa gari la waya linashindwa, na ndipo kigari cha sokoni kinapodanganya zaidi. Wengi wanaona resori za manjano ao nyekundu pembeni mwa magurudumu na kudhani ni kazi nzuri. Resori peke yake inarusha. Kigari kikigonga jiwe, resori inajikunja, kisha inajitupa, na gari zima linarukaruka kama chura. Gurudumu likiwa hewani halisukumi na halikati kona. Kinachotuliza mruko huo ni amortiseri yenye mafuta: kijiti kinachopita ndani ya mafuta mazito ya silikoni na kuifanya resori irudi polepole. Vigari vingi vya sokoni vina ganda la amortiseri lisilo na tone la mafuta ndani. Vingine havina hata resori inayofanya kazi, ni pambo lililobandikwa.

La nne ni mhimili wa nyuma. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Diferensiali ndiyo inayoruhusu magurudumu mawili yatofautiane mwendo. Katika vigari vingi vya bei ya chini, magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye chuma kimoja bila diferensiali, kwa hiyo kigari kinang'ang'ania kwenda mbele hata kikiambiwa geuka. Mtoto anafikiri ni yeye asiyejua kuendesha, kumbe kigari ndicho kisichojua kugeuka.

La tano linawahusu wote wanaosikiliza redio. Kigari cha telekomande ni redio: mkononi kuna mtambo wa kutuma, ndani ya kigari kuna wa kupokea. Vigari vingi vya bei ya chini vinatumia mawimbi ya megahezi 27, na viwili vilivyonunuliwa kwenye meza moja mara nyingi vinasikilizana. Watoto wawili wa jirani wanawasha pamoja. Wa kwanza akibonyeza kulia, kigari cha wa pili kinageuka. Ni kama vituo viwili vya redio vinavyopiga kelele kwenye masafa mamoja, msikilizaji hapati neno. Ugomvi unaanza, wakubwa wanaingia, na lawama zinawaangukia watoto. Vigari vya kisasa vya mashindano vinatumia gigahezi 2.4, na kila mtambo wa kutuma umefungwa kwa kipokezi chake tu. Watu kumi wanashindana uwanjani bila kuingiliana.

Kigari cha udongo kina historia

Wako wanaosema kwamba hizi zote ni anasa za wazungu. Waangalie kwanza zilikotoka. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946, inchi ikiwa bado inanuka moshi wa vita, na ilianza kama kiwanda cha kupasua mbao. Kutoka kupasua mbao ikaingia kwenye vielelezo vya mbao, na mwaka 1960 ikatoa kielelezo chake cha kwanza cha plastiki. Mwaka 1979 ikatoa Rough Rider na Sand Scorcher, vigari vya telekomande vilivyoundwa kwa ajili ya mchanga na udongo. Mwaka 1984 zikafuata Grasshopper na Hornet, vigari vyepesi, vya bei nafuu kuliko vya kwanza, vilivyouzwa vikiwa vipandevipande ndani ya sanduku. Mtoto hakupewa kigari, alipewa visi, gia, mhimili na karatasi ya maelezo. Alikiunga mwenyewe. Kikivunjika, alijua kilivyofungwa, kwa hiyo alijua kukifungua.

Mwaka huohuo wa 1984, kule California, Team Associated ikatoa RC10, kigari cha fremu ya aluminiamu chenye kila gurudumu likijitegemea na amortiseri za mafuta pembe zote nne. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya vigari vya umeme vya udongo, na RC10 ikashinda upande wa magurudumu mawili.

Anayelinganisha vigari hivyo anajifunza jambo moja kubwa. Grasshopper ina mhimili mgumu nyuma na resori zisizo na mafuta, kwa hiyo inarukaruka kila inapopita shimo. Hornet ina mota yenye nguvu zaidi na amortiseri za mafuta nyuma, inakwenda mbio zaidi, lakini nyuma bado ni mhimili mgumu na kwenye mabonde inayumba. RC10 inapita mahali palepale ikiwa imetulia, kwa sababu kila gurudumu linapanda jiwe lake bila kumsumbua mwenzake. Kwa mbio, RC10 ilikuwa mbele yao sana. Lakini Grasshopper na Hornet hazikufa. Zilitolewa tena miaka ya 2000, miaka ipatayo ishirini baadaye, na watu wakazinunua. Kwa nini? Kwa sababu ni rahisi, sahani yake ya chini imefunikwa kama mtumbwi na inazuia udongo, ni ngumu kuvunja, na kila kipande kinapatikana. Kigari kinachoyumba lakini kinatengenezeka kimeishi miaka arobaini. Cha sokoni Goma hakiishi siku nne. Huo ndio mlinganisho unaostahili kufanywa, na wauzaji hawataki ufanywe.

Kwa ardhi ya Goma, kipi?

Wanaojua vigari hivi hubishana bila mwisho: magurudumu mawili ao manne? Mota nyuma ao katikati? Jibu linategemea ardhi, na anayejibu bila kuiangalia ardhi anapiga porojo.

Kigari kinachosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma ni chepesi kwa mkono lakini kina hasira. Kwenye mchanga mweusi wa volkano, mwendeshaji akikanyaga nguvu katikati ya kona, mkia unazunguka na kigari kinatazama kilikotoka. Kinamlazimisha kupunguza mwendo kabla ya kona, kugeuka taratibu, kisha kutoa nguvu wakati wa kutoka. Kwa hiyo kinafundisha. Vipande vyake ni vichache, matengenezo yake ni madogo.

Kinachovutwa na magurudumu yote manne kinasamehe. Mbele kunavuta, nyuma kunasukuma, kigari kinatoka kwenye kona kimenyooka na kinapanda mahali ambapo mwenzake anachimba shimo. Lakini kina gia nyingi zaidi, mikanda ao vyuma vya kupeleka nguvu mbele, na kila sehemu ni mlango wa vumbi. Vumbi la volkano ni kali kama msasa. Asiyefungua na kusafisha atalia.

Kuhusu mota, kwenye udongo unaomeguka uzito ulio nyuma ya mhimili unayakandamiza magurudumu ya nyuma na kuyapa mshiko. Mota ya katikati inapendwa kwenye viwanja vya zulia na nyasi za plastiki, ambako mshiko tayari ni mwingi na kinachotakiwa ni pua isiyo nyepesi. Goma haina haja ya kuiga viwanja vya zulia. Kwa mchanga mweusi na vumbi, mota ya nyuma ni chaguo la akili.

Ukubwa nao una neno. Kigari cha kipimo cha moja kwa kumi kina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Cha moja kwa nane kinazidi kilo tatu, kinavutwa na magurudumu manne na kina diferensiali tatu zilizojazwa mafuta: mbele, katikati na nyuma. Kwenye mawe, kilo hizo na magurudumu hayo makubwa vinasaidia sana. Kidogo kinanasa kati ya jiwe na jiwe. Lakini bei yake ni ya mbali, na kikimgonga mtoto mguuni kinaumiza.

Uamuzi basi ni huu. Kwenye lava tupu, ile iliyoganda tangu Nyiragongo ilipomwaga moto katikati ya mji mwaka 2002, kigari kidogo hakina kazi, hata kikitoka kwa bingwa wa dunia. Kwenye uwanja wa mchanga mweusi uliosafishwa, kigari rahisi cha magurudumu mawili, chenye amortiseri za kweli na vipande vinavyopatikana, kinatosha kabisa. Na uwanja si kitu cha kununua. Vijana kumi wenye majembe wanaondoa mawe, wanapanga mipira mibovu ya magari pembeni, wanainua vilima viwili vya udongo. Vijana wa Goma wamejenga nyumba juu ya mawe hayo; kusafisha uwanja hakuwezi kuwashinda.

Moto ndani ya bashi

Liko jambo ambalo haliwezi kusubiri Noeli. Vigari vingi vya sasa vinatembea kwa betri za lithiamu. Betri hizo ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikidhulumiwa zinawaka, na moto wake hauzimwi kwa kupuliza. Betri hiyo haitakiwi kupitishwa volti 4.2 kwa kila chumba chake, haitakiwi kutobolewa, na ikivimba haitakiwi kuchajiwa tena hata mara moja. Chaja nyingi zinazokuja ndani ya masanduku ya bei ya chini ni waya mwembamba na taa ndogo nyekundu.

Na hapa ndipo wahami wa vita wanapowekwa hatarini kuliko wote. Mtu anayekaa kwenye nyumba ya mbao, ao chini ya bashi lililotandikwa juu ya vijiti, akiwa na majani makavu ya kulalia na jirani umbali wa hatua mbili, hawezi kuacha betri ikichaji usiku huku watoto wamelala. Moto ukianza kwenye bashi moja, hauulizi nani alinunua kigari.

Mzazi anayo kinga, na haigharimu. Betri ichajiwe mchana, mtu mzima akiwa macho. Iwekwe nje, ndani ya chungu ao ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu. Mchanga wa volkano uko kila mahali. Ikipata joto la kuchoma mkono, ichomolewe. Ikivimba, itolewe nyumbani siku hiyohiyo na isitupwe jikoni wala ndani ya moto wa takataka. Wenye vibanda vya kuchaji simu nao waache kuzirundika betri za vigari juu ya meza ya mbao kati ya simu za watu. Na anayeweza kuchagua achague betri ya nikeli. Ni nzito zaidi na haina mbio za kutisha, lakini inavumilia makosa ya mtoto kuliko lithiamu. Kwa familia inayokaa chini ya bashi, hilo ni kubwa kuliko mbio.

Tena kuna jambo la kuuma moyo. Betri nyingi za lithiamu za namna hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Katanga. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali inayotumika katika vyombo vya elektroniki duniani. Mali inatoka hapa ikiwa nzima. Inarudi ikiwa kichezeo cha siku nne, na anayekinunua ni mtu aliyekimbia milima hiyohiyo ya Masisi. Mwenye kusema kwamba hilo ni jambo la watoto tu, ahesabu tena.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza kupinga husema: watu wana njaa, na nyinyi mnasema vigari. Jibu ni kwamba pesa ya vigari tayari inatoka. Inatoka kila mwisho wa mwaka, kutoka mifuko ya maskini, na haileti kitu. Kusema isitoke bure ni kuilinda meza ya maskini. Tena mchezo si takataka. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, unataja haki ya kupumzika na kucheza, na inchi hii, ikiwa bado inaitwa Zaire, iliuridhia mwaka 1990. Mtoto wa kambini hakuiacha haki hiyo barabarani wakati wa kukimbia.

Wa pili husema: kigari cha kweli ni ghali. Ni ghali kwa mtu mmoja. Lakini akina mama wa Goma walishajibu swali hilo zamani kwa likelemba na kwa AVEC zao. Kitu kisichonunuliwa na mmoja kinanunuliwa na ishirini. Shule, parokia, kanisa ao kikundi cha vijana wa mtaa kinaweza kumiliki vigari viwili na sanduku moja la vipande, watoto wakapokezana kwa zamu. Mtoto anayesubiri zamu yake huku akitazama mwenzake akikata kona anajifunza zaidi ya yule aliye peke yake na kigari kilichokufa mapajani.

Wa tatu ni yule wa mashirika ya kiutu na wa vikundi vya wafadhili. Husema: tunagawa vingi ili kila mtoto apate. Hesabu hiyo ni ya picha. Siku ya kugawa, watoto mia wanainua masanduku mia na kamera inafurahi. Wiki moja baadaye hakuna kamera inayorudi kupiga picha ya plastiki mia iliyotapakaa kwenye mifereji, na betri zake zikivuja mahali watu wanapochota maji. Pesa ya masanduku mia ingenunua vigari vichache vinavyofunguka, bisibisi, mafuta ya amortiseri, mipira ya akiba, na kumlipa fundi wa redio wa mtaa awafundishe watoto kila Jumamosi. Miezi sita baadaye wangekuwapo vijana wanaojua kuunga waya, kupima volti, kusafisha diferensiali na kueleza kwa nini resori bila mafuta inarusha. Kijana wa namna hiyo hana mwendo mrefu kufika kwenye kutengeneza pikipiki, paneli za jua na pampu za maji. Mkimbizi anaweza kuacha nyumba na shamba nyuma yake. Anachokijua kwa mikono anakimbia nacho.

Yanayotakiwa kufanywa

Mchuuzi afungue sanduku mbele ya mnunuzi. Asiyetaka kufungua anajua kilichomo. Mnunuzi ageuze kigari chini juu na atafute visi. Kilichobandikwa kwa gundi ao kuyeyushwa kwa moto hakitengenezeki, akirudishe mezani. Akandamize nyuma kwa kidole: kikirudi polepole kina amortiseri, kikiruka kina resori tupu. Azungushe gurudumu moja la nyuma huku mota imetulia: lile la upande wa pili likizunguka kinyume, kuna diferensiali, likizunguka upande uleule, hakuna. Ajaribu usukani: kigari kigeuke kidogo mkono ukigeuka kidogo. Na aulize swali moja la mwisho, kwamba kikivunjika mguu, mguu unauzwa wapi. Mchuuzi akikosa jibu, pesa ibaki mfukoni.

Viongozi wa mitaa na wasimamizi wa kambi watenge mahali pa mchanga, mbali na barabara ya motari, na wakataze kuchaji betri za lithiamu usiku ndani ya bashi. Mashirika yanayotaka kutoa vichezeo yaulize kwanza mafundi wa Goma, si orodha ya bei peke yake. Vituo vya redio vya mji vipe mafundi hao nusu saa kwa wiki waongee na wazazi.

Na mzazi asiye na pesa ya lolote kati ya hayo asione haya. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili linageuka vizuri kuliko sanduku la Birere, linashika jiwe vizuri kuliko sanduku la Birere, halina betri ya kuchoma bashi, na aliyelitengeneza anajua kulitengeneza tena kesho. Kwa pesa iliyobaki, mama anunue unga.